Mifuatano Rahisi ya Kodi kwenye Piano: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya mtu anayeanza, mwenye piano au kinanda cha umeme. Piano kamili ina vitufe 88 (52 vyeupe na 36 vyeusi), lakini kila kitu kilichoelezwa hapa kinaingia katika oktava tatu au nne (oktava moja ni kutoka C hadi C inayofuata). Vidole vya kila mkono vinahesabiwa kuanzia gumba: gumba ni 1, kidole kidogo ni 5. C ni kitufe cheupe kilicho kushoto kwa kila kikundi cha vitufe viwili vyeusi, na C ya kati ni ile iliyo karibu zaidi na katikati ya kinanda.

Mfuatano wa kodi ni nini hasa?

Kodi ni nota tatu au zaidi zinazopigwa kwa pamoja. C, E na G zikipigwa pamoja ni kodi ya C. Mfuatano ni mpangilio wa kodi hizo: ipi inatangulia, ipi inafuata, na kila moja inakaa mapigo mangapi. Nyimbo nyingi sana zinajengwa kwa kodi tatu au nne tu zinazozunguka, ndiyo maana mtu anayeijua mifuatano michache vizuri anaweza kusindikiza nyimbo ambazo hajawahi kuzifanyia mazoezi.

Ni lazima nijue kusoma nota?

Hapana. Unahitaji kujua jina la kila kitufe na kuhesabu mapigo. Aliyezoea solfa ana mtaji tayari, kwa sababu do, fa na so ndizo nota ambazo juu yake zinasimama kodi kuu tatu za kila ufunguo wa meja (ufunguo ni kundi la nota ambalo wimbo umejengwa juu yake).

Nianze na kodi zipi?

Anza na C, F, G na Am (m ni maina, aina ya kodi inayoelezwa hapa chini). Zote nne ziko kwenye vitufe vyeupe:

C: C-E-G
F: F-A-C
G: G-B-D
Am: A-C-E

Ukizizoea hizo, ongeza Dm (D-F-A) na Em (E-G-B). Kodi ya saba ya ufunguo huo, B-D-F, haina haja ya kukusumbua sasa. Ina sauti ya wasiwasi na haitumiki sana peke yake katika nyimbo nyepesi.

Nitajuaje kodi ni meja au maina bila kukariri zote?

Hesabu nusu toni. Nusu toni ni mwendo wa kutoka kitufe kimoja hadi kinachofuata mara moja, kiwe cheupe au cheusi. Kodi ya meja: kutoka nota ya msingi panda nusu toni 4, kisha 3. Kodi ya maina: panda 3, kisha 4. Kutoka D, nne zinakufikisha F# (F shapu), na tatu zaidi zinakufikisha A, kwa hiyo D meja ni D-F#-A. Ukitaka D maina, shusha nota ya katikati tu kwa nusu toni: D-F-A.

Kosa la kawaida ni kuhesabu kitufe unachoanzia kama "moja". Nota ya msingi ni sifuri. Kitufe kinachofuata ndicho moja. Tatizo jingine liko kwenye E na F, na B na C: hapo hakuna kitufe cheusi katikati, kwa hiyo kutoka E hadi F ni nusu toni moja tayari.

Namba za Kirumi zinazoandikwa I, IV, V, vi ni za nini?

Zinataja nafasi ya kodi katika ufunguo badala ya jina lake. Katika ufunguo wa C, I ni C, ii ni Dm, iii ni Em, IV ni F, V ni G, vi ni Am. Herufi kubwa ni meja, ndogo ni maina. Faida yake inaonekana pale mwimbaji anapoomba ufunguo mwingine: I-V-vi-IV inabaki vilevile, majina ya kodi ndiyo yanayobadilika.

Nazijua kodi zote nne, lakini kila nikibadilisha nasimama. Kwa nini?

Hili ndilo swali linalobeba mengine yote. Mara nyingi sababu ni kwamba umejifunza kila kodi katika hali yake ya msingi, yaani nota inayoipa jina ikiwa chini kabisa. Kutoka C-E-G kwenda F-A-C mkono wote unahama vitufe vitatu vyeupe kwenda kulia. Kutoka hapo kwenda G unahama tena. Mkono unaruka, macho yanaufuata, na mapigo yanapotea. Hata ukiruka bila kukosea, masikio yatasikia vipande vilivyokatika badala ya sauti moja inayotiririka.

Dawa ni kuzigeuza kodi ili kila kidole kisogee kidogo iwezekanavyo. Nota za C ni C, E na G. Hakuna anayekulazimisha C iwe chini. E-G-C ni kodi ileile katika mgeuzo wa kwanza, na G-C-E ni mgeuzo wa pili.

Sasa tazama mfuatano C – G – Am – F ukipigwa hivi kwa mkono wa kulia, ukianzia C ya kati:

C: C-E-G
G: B-D-G
Am: C-E-A
F: C-F-A
kisha unarudi C: C-E-G

Kutoka C kwenda G, nota ya juu haijasogea kabisa; C imeshuka hadi B na E imeshuka hadi D. Kutoka G kwenda Am vidole vyote vitatu vinapanda kitufe kimoja cheupe, kwa sababu kodi hizo mbili hazina nota hata moja wanayoshirikiana. Kutoka Am kwenda F ni nota moja tu inayobadilika: E inakuwa F. Kurudi C, ile C ya chini inabaki, F inashuka hadi E na A inashuka hadi G. Mfuatano mzima umekaa kati ya B na A, chini ya oktava moja. Mkono haukuruka hata mara moja.

Kwa hiyo kabla ya kubonyeza, jiulize maswali mawili. Nota ipi inabaki? Zilizobaki zinakwenda wapi kwa njia fupi? Kidole chenye nota inayobaki usikiinue, kikae palepale kama nanga. Mwanafunzi anayefanya mazoezi ya kodi mojamoja kwa wiki nzima anajifunza kitu ambacho tayari anakiweza. Kinachomshinda ni njia ya kutoka kodi moja hadi nyingine, na hiyo ndiyo ya kufanyiwa mazoezi.

Nitumie vidole gani?

Mkono wa kulia: hali ya msingi ni 1-3-5, mgeuzo wa kwanza ni 1-2-5, mgeuzo wa pili ni 1-3-5. Katika mfuatano wa hapo juu, C ni 1-3-5, G na Am ni 1-2-5, F ni 1-3-5. Sababu ya kutumia kidole cha 2 kwenye mgeuzo wa kwanza ni kwamba nafasi pana iko juu, kati ya nota ya katikati na ya mwisho. Kidole cha 3 kingebana mkono.

Mkono wa kushoto ukipiga kodi kamili: 5-3-1 kwa hali ya msingi na mgeuzo wa kwanza, 5-2-1 kwa mgeuzo wa pili.

Vidole hivi si sheria isiyovunjwa. Ila ukivibadilisha kila mara unapopiga mfuatano uleule, mkono hautakariri chochote.

Mkono wa kushoto ufanye nini?

Upige nota ya msingi ya kodi, basi. Kodi ikiwa G, piga G moja upande wa chini, hata kama mkono wa kulia umegeuza kodi. Besi ndiyo inayomwambia msikilizaji kodi imefika wapi, kwa hiyo mkono wa kulia una uhuru wa kujipanga upendavyo.

Hatua ya pili ni kupiga oktava kwa vidole vya 5 na 1 (G mbili), au nota ya msingi pamoja na ya tano yake (G na D). Usipige kodi kamili ya nota tatu chini sana. Ukishuka chini ya C iliyo oktava moja chini ya C ya kati, nota zilizokaribiana zinagongana na kutoa mvumo mzito usioeleweka, kwa kuwa kila waya wa chini una sauti nyingi ndogondogo juu yake na zinaingiliana. Wengi hulaumu kinanda kwa tatizo hili. Inua kodi oktava moja, utasikia linavyotoweka.

Kila mkono peke yake unakwenda vizuri, lakini nikiunganisha yote yanavurugika. Nifanyeje?

Punguza kazi, si mwendo peke yake. Weka metronomu (kifaa kinachogonga mapigo kwa mwendo sawa) kwenye mapigo 60 kwa dakika na uipe kila kodi mapigo manne. Piga kodi na besi yake kwenye pigo la 1 tu. Pigo la 2, kaa. Pigo la 3, achia. Pigo la 4, vidole viwe tayari vimegusa vitufe vya kodi inayofuata bila kubonyeza. Pigo la 1, bonyeza. Kinachojengwa hapa ni tabia ya kujiandaa mapema. Anayesimama kati ya kodi mara nyingi anaanza kutafuta kodi mpya wakati pigo lake limeshafika.

Ikiwa sehemu moja tu ndiyo inayokwama, tuseme Am kwenda F, zungusha kodi hizo mbili peke yake mara kumi bila kusimama, kisha uzirudishe kwenye mfuatano. Ukikosea nota, usirudi nyuma kuisahihisha. Endelea na pigo. Waimbaji watavumilia nota moja mbaya, lakini pigo likikatika wote wanapotea.

Ukipiga mizunguko mitatu bila kusita, ongeza mapigo 4 kwa dakika. Ukisita, rudi nyuma.

Ni mifuatano ipi ya kujifunza kwanza?

I – IV – V – I, yaani C – F – G – C. Ipige hivi: C-E-G, C-F-A, B-D-G, C-E-G. Kati ya F na G hakuna nota ya pamoja. Mkono wa kulia unashuka wakati besi inapanda kutoka F hadi G, na mwendo huo wa kupishana unasikika vizuri kuliko mikono yote miwili kupanda pamoja.

I – V – vi – IV tumeshaieleza. Ukibadilisha mpangilio na kuanzia vi (Am – F – C – G) unapata hali yenye huzuni kidogo kwa kodi zilezile.

I – vi – IV – V: C-E-G, C-E-A, C-F-A, B-D-G. Huu ni mwepesi kuliko yote kwa mkono, kwa sababu hatua mbili za kwanza zinabadilisha nota moja moja. Mimi ningemwanzishia mtu hapa, kabla hata ya I – IV – V.

ii – V – I: D-F-A, D-G-B, E-G-C, yaani Dm, G, C. D inabaki, kisha G inabaki. Ndio uti wa mgongo wa muziki wa jazi, na nyimbo nyingi za kawaida huutumia kufunga mstari.

Halafu kuna bluzi ya vipimo 12, kila kipimo mapigo manne: C vipimo vinne, F viwili, C viwili, G kimoja, F kimoja, C viwili. Ukitaka kurudia kutoka mwanzo, kipimo cha mwisho kifanye G.

G7 ina tofauti gani na G?

Imeongezwa nota ya nne: G-B-D-F. Hiyo F ikikutana na B inaleta mvutano, na sikio linadai C ifuate: B inapanda nusu toni kwenda C, F inashuka nusu toni kwenda E. Si lazima upige nota zote nne. Ondoa D, upige B-F-G kwa vidole 1-4-5. Kutoka C-E-G, gumba linashuka kidogo hadi B, nota ya katikati inapanda kidogo hadi F, G inabaki. Wengi wanaona hii ni rahisi kuliko G ya kawaida.

Na mifuatano ya maina?

Jaribu Am – Dm – E – Am, ukianzia A iliyo chini ya C ya kati: A-C-E, A-D-F, G#-B-E, A-C-E. Utajiuliza kwa nini ni E meja na si Em, ilhali ufunguo hauna G#. Ni kwa sababu G# iko nusu toni tu chini ya A na inaivuta kodi irudi nyumbani. Piga Em mahali pake (G-B-E) na usikilize: haina msukumo uleule. Hapa gumba linakaa kwenye kitufe cheusi, kwa hiyo sogeza mkono mzima ndani kidogo, kuelekea kwenye kifuniko, badala ya kukunja kiwiko.

Napiga kodi sahihi lakini inasikika kama mazoezi, si muziki.

Kodi moja nzito kila mapigo manne itachosha hata ikiwa sahihi. Jaribu hivi, kwa mpangilio huu:

Besi kwenye pigo la 1 na la 3, kodi ya mkono wa kulia kwenye la 2 na la 4.

Kodi iliyovunjwa: badala ya C-E-G pamoja, piga C, G, E, G mojamoja. Muundo huu unaitwa besi ya Alberti, kwa jina la Domenico Alberti, mtunzi Mwitaliano wa karne ya 18 aliyeutumia sana kwenye mkono wa kushoto.

Kwa wimbo wa mapigo matatu: besi kwenye 1, kodi kwenye 2 na 3.

Zaidi ya mdundo, angalia uzito. Nota ya juu ya mkono wa kulia ndiyo inayosikika kama wimbo, kwa hiyo ielemee kidogo kuliko mbili za chini yake. Na ukimsindikiza mtu, piga machache anapoimba, jaza anapovuta pumzi.

Pedali niitumie lini?

Ukishaweza kubadilisha kodi bila hiyo, si kabla, kwa sababu pedali inaficha mapengo ambayo ungepaswa kuyasikia. Tumia pedali ya kulia, kisigino kikiwa sakafuni. Utaratibu wake ni kinyume cha wengi wanavyodhani: piga kodi mpya na wakati uleule *inua* mguu, kisha ukanyage tena mara moja, vidole vikiwa bado vimebonyeza. Mguu unapanda wakati mkono unashuka. Ukichelewa kuinua, kodi ya zamani inabaki ndani ya mpya. Ukiinua mapema, panatokea pengo la ukimya.

Kwenye kinanda cha umeme pedali ikifanya kazi kinyume, yaani sauti inavuma usipokanyaga, zima kinanda, ondoa mguu kabisa kwenye pedali, kisha uwashe. Vinanda vingi vinaipima pedali wakati wa kuwaka. Ukiwa umeikanyaga wakati huo, kinanda kinaielewa vibaya.

Nitahamishaje mfuatano kwenda ufunguo mwingine?

Kwa namba. I – V – vi – IV katika funguo tatu zinazofuata kwa urahisi:

Ufunguo wa G (G – D – Em – C): G-B-D, F#-A-D, G-B-E, G-C-E
Ufunguo wa F (F – C – Dm – Bb): F-A-C, E-G-C, F-A-D, F-Bb-D
Ufunguo wa D (D – A – Bm – G): D-F#-A, C#-E-A, D-F#-B, D-G-B

Bb hiyo ni B flati, kitufe cheusi kilicho kushoto kwa B. Ukilinganisha na ule wa C utaona mwendo ni uleule: nota ya juu inabaki, zote zinapanda, moja ya katikati inasogea, ya chini inabaki. Vidole pia ni vilevile.

Kitufe cha kuhamisha ufunguo kilichopo kwenye vinanda vingi vya umeme kinaokoa siku ya dharura. Tatizo ni kwamba anayekitegemea hubaki mfungwa wa C, na akisahau kukirudisha sifuri, wimbo unaofuata utaanza katika ufunguo tofauti na wa wapiga gitaa.

Nitazipataje kodi za wimbo kwa kusikiliza?

Tafuta do kwanza. Imba wimbo hadi mwisho. Nota inayokupa hisia ya kufika nyumbani kwa kawaida ndiyo do (kwenye maina ni la). Kisha sikiliza besi, kwa kuwa mara nyingi inataja kodi waziwazi.

Usipoisikia besi, tumia nota ndefu za melodi zinazoangukia pigo la 1. Ukiwa na kodi tatu tu mkononi: do inakubaliana na I au IV, re na V, mi na I, fa na IV, so na I au V, la na IV, ti na V. Jaribu, na sikio liamue. Kodi ikikaribia kufaa lakini inakosa huzuni, weka vi mahali pa I, au ii mahali pa IV. Jozi hizo zinashirikiana nota mbili kati ya tatu. Nota fupi zinazopita haraka zipuuze, si kila nota inadai kodi yake.

C/E na Csus4 maana yake nini?

C/E ni kodi ya C yenye E kwenye besi: mkono wa kushoto unapiga E, wa kulia unapiga C kama kawaida. Inatumika sana kuifanya besi itembee, kwa mfano C – C/E – F, ambapo besi inapanda C, E, F. Csus4 ni C-F-G: nota ya tatu (E) imeondolewa na kuwekwa ya nne. Kwa kawaida F hiyo inarudi E baada ya pigo moja au mawili.

Mkono unauma au unachoka haraka. Ni kawaida?

Uchovu kidogo kwenye vidole, ndiyo. Maumivu ya kifundo cha mkono au ya mkono wa mbele (kati ya kiwiko na kifundo), hapana; acha papo hapo. Kagua urefu wa kiti: viwiko viwe usawa wa vitufe au juu kidogo. Kagua kama unaendelea kukandamiza kitufe baada ya sauti kutoka, jambo ambalo halibadilishi sauti hata kidogo. Kagua pia kidole cha 5, kama kimelala bapa, na mabega, kama yamepanda kuelekea masikioni. Maumivu yakirudi kila ukipiga, muone mtaalamu wa afya.

Nifanye mazoezi muda gani kwa siku?

Dakika 15 hadi 20 kila siku zinafaa kuliko saa mbili za mwisho wa wiki. Zigawe hivi: dakika tano za kodi mbili mbili zinazokwama, dakika tano za mfuatano mmoja mzima na metronomu, na zilizobaki ni za wimbo halisi unaoupenda, ukiimba huku unapiga. Kuimba kusikosekane hata kama sauti yako si nzuri. Ndiko kunakoonyesha haraka kama mikono inakwenda yenyewe au bado unaisukuma kwa kuifikiria.